Abdou Moumouni, Mwanafizikia Aliyeliita Jua Kazini

Makala haya, ndugu msomaji, yalianzia Sirisia katika nchi ya Bungoma, ingawa mtu ninayemzungumza alizaliwa mbali na huko, upande wa pili wa bara letu, na sidhani kama aliwahi kulisikia jina la Sirisia. Nilikwenda huko kwa mwaliko wa harusi. Matatu iliyonichukua ilipita Chwele siku ya soko, ikajaa vitunguu na kuku, nasi tukafika magharibi. Asubuhi yake nilitoka nje mapema nikauona mlima Elgon, ambao wenyeji Wabukusu wauita Masaba, umejitanda mbele yangu kama jahazi lililoshusha tanga.

Mama mzazi wa mwenyeji wangu, ambaye kila mtu humwita Kukhu, yaani nyanya, alikuwa amekwisha rudi na titi la kuni kichwani. Umri wake ni mkubwa, na kuni siku hizi ziko mbali. Misitu ya karibu imekatwa kwa kilimo, kwa mkaa, na zamani pia kwa ajili ya mabanda ya kukaushia tumbaku upande wa Malakisi. Aliutua mzigo chini ya ukingo wa bati. Juu ya bati lile palikuwa na kipande cha sola kisichozidi sinia ya pilau, na uzi wake umeshuka ndani kwenye taa moja na simu mbili. Ng'ambo ya shamba zilipita nyaya za stima.

Kijana wa nyumba ile, mwanafunzi wa sekondari, aliniona nikiangalia mara kuni mara sola. Akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. Alitaka kujua kama katika kazi hii ya kulitumia jua alikuwamo Mwafrika yeyote tangu mwanzo, au sote tulingoja mpaka meli zikatuletea kutoka China. Nikamwambia alikuwamo, tena mapema sana, na jina lake Abdou Moumouni. Hakuwa amelisikia. Mwalimu wake naye, kwa alivyonieleza baadaye, hakuwa amelisikia. Nikamwahidi kwamba nitaliandika.

MTOTO WA TESSAOUA

Abdou Moumouni Dioffo alizaliwa mwaka 1929 katika mji wa Tessaoua, mashariki ya Maradi, katika nchi ya Wahausa, kusini mwa iliyokuwa koloni ya Wafaransa ya Niger. Ni nchi kavu. Mvua hunyesha miezi mitatu au minne tu, na jua huwaka mwaka mzima pasipo kiasi. Watoto wa huko, kama sisi wa pwani, huanza ilimu kwa ubao na wino mbele ya mwalimu wa Kurani, na jua kwao si jambo la mashairi. Nami nakumbuka chuoni kwetu kwamba hesabu ya kwanza niliyofunzwa, kabla ya kujumlisha na kutoa, ilikuwa ya kivuli. Tulisimika kijiti mchangani tukakiangalia kivuli mpaka kikawa kifupi kabisa na kuanza kurefuka, tukajua adhuhuri imeingia. Kisha tukangoja kivuli kiongezeke kwa urefu wa kijiti chenyewe, tukajua ni alasiri. Basi mtu asiniambie kwamba kulipima jua ni mambo mageni kwetu.

Wafaransa walikuwa na shule chache sana nchini Niger, na mtoto aliyefaulu alizidi kupelekwa mbali na kwao kila alipopanda darasa. Moumouni alipelekwa hadi Senegal, katika shule ya William Ponty huko Sébikotane. Shule hiyo ilikuwa kwa Afrika ya Magharibi ya Kifaransa kama vile Alliance na Makerere zilivyokuwa kwetu. Walitoka humo Modibo Keïta wa Mali, Félix Houphouët-Boigny wa Côte d'Ivoire na Hamani Diori, rais wa kwanza wa Niger. Lakini palikuwa na hila moja. Ponty ilijengwa ili kutoa walimu wa shule ndogo, makarani na wasaidizi wa madaktari, na cheti chake hakikumfungulia mtu mlango wa chuo kikuu cha Ufaransa. Mwafrika alifundishwa akafika kizingitini, kisha akaonyeshwa kwamba kizingiti ndicho kikomo chake.

Moumouni hakukubali kikomo hicho. Alihamia shule ya Van Vollenhoven mjini Dakar, iliyofuata mafunzo yale yale ya watoto wa Kifaransa, akaupata mtihani wa bakaloria, na kufikia mwisho wa miaka ya 1940 alikuwa Paris. Akasoma katika shule ya Saint-Louis madarasa magumu ya matayarisho, kisha Sorbonne. Mwaka 1956 alifuzu agregasiyo ya fizikia. Neno hilo lataka kufafanuliwa. Si shahada tu, bali ni mashindano ya taifa zima la Ufaransa ambamo idadi ya nafasi imewekwa tangu mwanzo, na anayepita huhesabiwa kuwa mwalimu wa daraja ya juu kabisa. Senghor alikuwa ameipata ya sarufi mwaka 1935. Katika fizikia, Moumouni alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza.

SIASA ZA VIJANA WA PARIS

Mtu wa namna hiyo angeweza kubaki Ufaransa akafundisha, akaoa, akanunua nyumba, na habari yake ingeishia hapo. Lakini Paris ya miaka ile haikuwa mahali pa kumwacha kijana wa Kiafrika alale. Moumouni alikuwa miongoni mwa walioanzisha Shirikisho la Wanafunzi wa Afrika Nyeusi nchini Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1950, chama kilichodai uhuru kamili wakati wabunge wengi wa Kiafrika walikuwa wangali wakizungumza habari ya kushirikiana na Ufaransa. Mwaka 1957 alikuwa tena miongoni mwa waasisi wa Chama cha Uhuru wa Afrika, kilichozaliwa Thiès, Senegal, na kilichokuwa cha mrengo wa kushoto bila kificho.

Nayataja haya kwa sababu bila ya kuyajua hatuwezi kufahamu kwa nini mwanafizikia huyu aliliendea jua. Wenziwe wa Ulaya wa miaka ile walikuwa wakikimbilia atomu. Huko ndiko kulikokuwa na fedha, mashine kubwa na sifa. Moumouni alijiuliza swali jingine: ni nguvu gani iliyoko Afrika ambayo hakuna mtu wa kuweza kuihamisha wala kuifungia uzio? Hapa nasema kwa rai yangu, kwa kuyaangalia maisha yake yalivyokwenda, lakini naona ni vigumu kuyasoma kwa namna nyingine.

Alipofuzu alirudi Dakar kufundisha. Mnamo tarehe 28 Septemba 1958 Guinea peke yake iliikataa katiba ya de Gaulle, na Wafaransa wakaondoka kwa hasira, wakabeba mafaili, wakang'oa hata vyombo vya ofisini. Shule zikabaki bila walimu. Hapo Waafrika kadhaa wenye ilimu waliacha kazi zao nzuri wakaenda Conakry kushika chaki. Alikwenda Joseph Ki-Zerbo, mwanahistoria wa Upper Volta. Alikwenda David Diop, mshairi, ambaye alikufa katika ajali ya ndege karibu na Dakar mwaka 1960 akiwa kijana bado, na sisi tulio katika ukoo wa washairi hatujaacha kumlilia. Na alikwenda Abdou Moumouni, mwenye cheo cha kufundisha popote nchini Ufaransa, akafundisha fizikia watoto wa Guinea.

Baada ya hapo alirudi kwao Niger, ambayo ilipata uhuru tarehe 3 Agosti 1960. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1960, akafunga safari ya Moscow kufanya utafiti juu ya nguvu za jua.

KITABU CHA MWAKA 1964

Mwaka 1964, mjini Paris, kilitoka kitabu chake juu ya elimu katika Afrika, na miaka minne baadaye kikatafsiriwa kwa Kiingereza. Wapo wanaomjua Moumouni kwa kitabu hiki tu, wala hawajui kwamba alikuwa mtu wa mitambo. Ni kitabu kikali. Anaanza kwa kueleza malezi ya Kiafrika kabla ya ukoloni: jinsi mtoto alivyofunzwa kwa kazi yenyewe, kidogo kidogo kwa kadiri ya umri wake, katikati ya jamaa zake, na jinsi elimu ile ilivyomfunga kwenye jamii badala ya kumtoa. Msomaji wa Sirisia hahitaji kuambiwa mengi hapa, maana kila mwaka unaogawika kwa mbili, Agosti ifikapo, huwaona vijana wa Kibukusu wakipita na njuga zao kuelekea jandoni, na kila rika lina jina lake ambalo mtu hulichukua hadi kaburini.

Kisha anaigeukia shule ya mkoloni na kuonyesha ilikuwa kwa ajili ya nani. Na mwisho anaingia katika jambo ambalo kwangu ndilo kiini: anatetea kwamba Waafrika wafundishwe kwa lugha za Kiafrika, hesabu na sayansi zikiwamo. Hebu tulipime shauri hilo. Mtoto anayefundishwa fizikia kwa lugha ya kigeni amebeba mizigo miwili kwa kichwa kimoja: kwanza afahamu neno, kisha afahamu kitu. Wengi hutua mzigo wa pili wakabaki na wa kwanza, wakawa mabingwa wa maneno. Nilikuwa mmoja wao. Katika shule niliyosoma, nilikariri kwa Kiingereza kanuni ya nuru kupinda ikiingia majini, nikapata alama nzuri, na sikujua mpaka nimekuwa mtu mzima kwamba ndiyo sababu pondo la mvuvi huonekana limevunjika likizamishwa. Pondo nililiona kila siku.

Huku kwetu Kenya mjadala wa lugha ulichukua muda kuiva. Kiswahili kilikuwa somo la lazima katika mtihani mwaka 1985 kwa kuja mfumo wa 8-4-4, na kitabu mashuhuri cha Ngugi wa Thiong'o juu ya lugha na akili iliyotawaliwa kilitoka 1986. Wote hao walikuja zaidi ya miaka ishirini baada ya mwanafizikia wa Niger kuyaandika ya kwake. Hata leo sayansi katika sekondari zetu inafundishwa kwa Kiingereza.

NYUMBA YA JUA, NIAMEY

Kutoka Moscow Moumouni alikwenda Bamako, Mali, akafundisha walimu katika chuo cha juu cha ualimu, huku akiendelea na utafiti. Mwaka 1967 alipata udaktari wa serikali mjini Paris, juu ya jua lile lile. Na mwaka 1969 alikabidhiwa uongozi wa Ofisi ya Nishati ya Jua ya Niger, iliyofahamika kwa kifupi ONERSOL, mjini Niamey. Ofisi hiyo ilikuwa imeundwa mwaka 1965. Aliiongoza hadi 1985, miaka kumi na sita.

Basi tuingie humo karakanani tuone walikuwa wakifanya nini, kwa maana neno sola leo limetufanya tudhani kuna njia moja tu, ile ya kigae cheusi kinachotoa stima. Njia ya Moumouni ilikuwa nyingine. Yeye alilichukua jua kwa joto lake.

Kwanza ni mtambo wa kupasha maji. Chukua bati, lipake rangi nyeusi, lipitishie mabomba ya maji, liweke ndani ya kasha lililozibwa vizuri chini na ubavuni, kisha lifunike kwa kioo. Nuru ya jua hupita kwenye kioo, humezwa na weusi, hugeuka joto, na joto hilo haliwezi kurudi nje kwa njia ya kioo kama lilivyoingia. Aliyewahi kukaa ndani ya gari lililofungwa vioo kwenye foleni ya feri ya Likoni saa saba mchana amekwisha kuifahamu fizikia hii kwa ngozi yake. Mitambo hiyo haikuishia kwenye michoro. Ilitengenezwa pale pale Niamey na mafundi wa Niger.

Pili ni mtambo wa kukeneka maji. Maji ya chumvi au machafu huwekwa katika beseni jeusi lenye paa la kioo lililoinama. Jua huyageuza mvuke, mvuke hugonga kioo na kuwa matone, kama tuonavyo ndani ya mfuniko wa sufuria, na matone huteremka kandoni yakiwa safi kabisa. Maji ya namna hii ndiyo yatakiwayo katika maabara na katika betri za magari.

Tatu, na hapa ndipo moyo wake ulipokuwa, ni mota ya jua. Vioo vilivyopindwa mfano wa hori hukusanya miale na kuielekeza yote kwenye bomba moja lililopita katikati. Kilichomo bombani hupata joto kali, na joto hilo husukuma mashine, na mashine huvuta maji kisimani. Katika nchi za Sahel kila mita moja ya mraba ya ardhi hupokea kwa siku nguvu ya jua ipatayo yuniti tano hadi saba, kwa kipimo kile kile tunachonunulia stima. Uwanja mdogo wa mpira hupokea zaidi ya yuniti elfu ishirini. Sehemu kubwa hupotea katika kugeuzwa, ndivyo maumbile yalivyo, lakini hata kikibaki kidogo chaweza kuvuta maji ya kijiji na mifugo yake.

Nchi ile ilikuwa na haja hiyo kuliko nyingi. Ukame mkubwa wa Sahel ulianza mwishoni mwa miaka ya 1960 ukafikia ukali wake 1973. Ng'ombe walikufa njiani, Watuaregi na Wafulani wakahamia pembezoni mwa miji. Serikali ya Diori ilipinduliwa na jeshi la Seyni Kountché mnamo Aprili 1974, na njaa ile ilikuwa miongoni mwa sababu. Na katikati ya mambo hayo, mwishoni mwa 1973, bei ya mafuta ya petroli ikapanda karibu mara nne. Ghafla dunia nzima ikataka kusikia habari za jua. Watu waliokuwa wakimwona Moumouni kama mwalimu mwenye ndoto wakaanza kumwandikia barua.

URANI NA KUNI

Yapo mambo mengine ambayo hayaelezwi vizuri katika habari zake, nami naona ndiyo yanayoupa utafiti wake uzito. Mwaka 1971, yeye akiwa Niamey na vioo vyake, huko kaskazini katika jangwa la Aïr mgodi wa Arlit ulianza kutoa urani. Madini hayo yalisafirishwa Ufaransa, na kuanzia 1974 Ufaransa ikaamua kujenga vinu vingi vya nyuklia ili isitegemee mafuta ya Waarabu. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya madini ya vinu hivyo ilitoka Niger. Taa za Paris ziliwaka kwa mchanga wa Arlit, wakati mwanamke wa Maradi aliwasha moto kwa kuni, na kuni zikazidi kumkimbia.

Na Niger yenyewe ilipata wapi umeme wake? Tangu miaka ya 1970 mji wa Niamey ulitegemea waya uliotoka Nigeria. Hapo ndipo nilipozikumbuka zile nyaya za Bungoma. Bwawa la Owen huko Jinja lilifunguliwa mwaka 1954, na kabla ya mwongo ule kwisha umeme wake ulikuwa ukivuka mpaka kwa Tororo na kwenda mpaka Nairobi. Ulipita juu ya mashamba ya mahindi ya Bungoma. Waliokuwa chini yake walisikia mvumo wake siku za mvua na kuendelea na koroboi zao, wengine kwa nusu karne.

Moumouni aliitazama nishati kwa jicho hilo: inatoka wapi, inapita juu ya nani, na inashuka kwa nani. Ndiyo maana hakubaki mwanafizikia wa maabara. Aliandika kuhusu nchi za Kiafrika na jua tangu miaka ya 1960, akahimiza kwamba utafiti ufanyike hapa na vyombo vitengenezwe hapa, kwa hofu ya kwamba siku jua litakapokuwa biashara tutauziwa jua letu wenyewe. Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulikusanya dunia mjini Nairobi, katika jumba la Kenyatta, kwa mkutano wa nishati mpya na zisizokwisha. Palizungumzwa kuni, majiko, upepo na jua kwa siku karibu kumi na mbili. Mengi yaliyosemwa pale kama uvumbuzi yalikuwa na umri wa miaka kumi na tano katika karakana ya Niamey.

Kutoka 1979 hadi 1982 alikuwa pia mkuu wa Chuo Kikuu cha Niamey. Kuongoza chuo chini ya serikali ya kijeshi si kazi ya kumwombea rafiki, nami sitaisemea sana. Baadaye alirudi kwenye jua lake na kwenye darasa lake.

ALIPOSHINDWA

Sipendi taazia zinazomfanya marehemu kuwa malaika. Mitambo ya ONERSOL ilikuwa na kasoro, na kasoro hizo zafaa kusemwa. Maji ya moto hayakuwa haja ya kwanza ya kijiji cha Sahel. Yalifaa hospitali, hoteli na nyumba za maofisa. Mota ya jua ilikuwa kubwa, yenye vioo vya kupanguswa vumbi kila siku katika nchi ya vumbi, na gharama yake ilikuwa juu kuliko ya injini ya dizeli. Fizikia yake ilikuwa sawasawa, ila soko halikuwapo. Na fedha zilizoiweka ofisi hai zilitoka kwa serikali, ambayo nayo ilikuwa ikitegemea bei ya urani. Bei hiyo ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulikuja wakati wa kubana matumizi kwa amri ya wakopeshaji wa nje, na utafiti ukawa wa kwanza kukatwa. Ajabu ya mambo: mtambo wa jua ulikosa riziki kwa sababu atomu ilishuka bei.

Wakati huo huo kigae cha sola, kile cha kutoa stima, kilikuwa kikishuka bei mwaka hadi mwaka. Niger ilikijua mapema, kwani huko Goudel, karibu na Niamey, televisheni ya shule iliwashwa kwa jua tangu 1968. Kwetu Kenya walimu na mafundi walikiweka katika shule moja ya Meru mwaka 1984, na kikaenea mashambani kwa mikono ya mafundi wa kawaida. Baada ya mwaka 2000 viwanda vya China vilizalisha kwa wingi kiasi cha kwamba njia nyingine zote zilionekana za kizamani. Moumouni alikuwa ameutabiri ushindi wa jua, lakini farasi aliyemchagua siye aliyefika.

Na ile hofu yake ya kuuziwa? Kigae kilichoko kwenye bati la Sirisia kimetoka nje, betri yake imetoka nje, taa imetoka nje, na kimelipiwa kidogo kidogo kwa simu. Hilo halikufanya taa isiwake. Kijana yule husoma usiku kwa nuru yake, na mafuta ya taa hayanunuliwi tena katika nyumba ile. Najua wako watakaosema inatosha. Mimi sijaridhika, lakini sikupata la kumjibu Kukhu aliponiambia kwamba kikohozi cha moshi wa koroboi kimeondoka.

Abdou Moumouni alifariki tarehe 7 Aprili 1991. Hakuishi kuuona mkutano mkuu wa taifa ulioanza Julai mwaka ule na kuutikisa utawala wa kijeshi, mkutano ambao ulitanguliwa na damu ya wanafunzi wa chuo kikuu waliouawa darajani mjini Niamey mwezi Februari 1990. Baadaye chuo kikuu kile kikapewa jina lake, na ndilo kinalolichukua hata leo. ONERSOL ilivunjwa baadaye, ikaundwa taasisi nyingine ya jua mahali pake.

Mnamo Julai 2023 jeshi lilitwaa tena madaraka nchini Niger. Nchi jirani zikaiwekea vikwazo, na Nigeria ikakata umeme. Niamey ikaingia gizani, mitaa kwa zamu, kwa saa nyingi kila siku. Kilichosaidia kidogo mwishoni mwa mwaka ule ni uwanja wa sola wa Gorou Banda, nje ya mji, wenye nguvu ya megawati 30. Ulikuwa na vigae, si mahori ya vioo, lakini lilikuwa jua.

Haya yote nilimsimulia kijana wa Sirisia tukiwa tumekaa kwenye kiambaza, naye akatoa daftari. Aliniuliza sola ya baba yake ina nguvu kiasi gani. Tukageuza karatasi ya dukani tukakuta wati 20. Akaniuliza jiko la stima la kupikia sufuria moja lataka kiasi gani. Nikamwambia kama wati 1,000. Akagawanya akapata hamsini. Akasimama kwa furaha akamwendea Kukhu jikoni, akamweleza kwa Kibukusu kwamba wakipata vigae hamsini kama kile hatakwenda tena kutafuta kuni. Kukhu alikuwa akipuliza moto kwenye mafiga. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama anajua kwamba ugali hupikwa usiku.

Kijana akarudi akaketi, akafungua ukurasa mwingine, akaniuliza habari za betri.